Wilfredo León: Mgeni aliyepewa jembe Poland

KATIKA fainali ya mpira wa wavu kwa wanaume ya Michezo ya Olimpiki, iliyochezwa jijini Paris Agosti 10, 2024, Poland ilifungwa na wenyeji Ufaransa seti tatu kwa bila. Pamoja na kipigo hicho, Wapoland hawakurudi nyumbani wanyonge. Taifa lao halikuwa limepata medali ya Olimpiki katika mchezo huo, kwa upande wa wanaume, tangu lilipotwaa dhahabu mjini Montreal mwaka 1976. Fedha ile ilikata kiu ya miaka 48.

Miongoni mwa waliovishwa medali siku hiyo alikuwamo mchezaji ambaye njia aliyopita kufika pale haikufanana na ya mwenzake yeyote. Wilfredo León alizaliwa Julai 31, 1993 katika mji wa Santiago de Cuba, ulioko mashariki mwa kisiwa cha Cuba. Alianza kuichezea nchi yake ya kuzaliwa akiwa na umri wa miaka 14, akawa nahodha wake kabla hajatimiza miaka 20, kisha akaondoka. Baada ya hapo alikaa miaka isiyopungua sita bila kuvaa jezi ya taifa lolote. Alipoivaa tena, ilikuwa jezi nyeupe na nyekundu ya Poland.

Habari za wanamichezo wanaobadili uraia zimekuwa nyingi mno, kiasi kwamba watu wengi wamezizoea. Kila inapotokea habari ya namna hiyo, hoja zinazosikika huwa zile zile mbili. Wapo wanaosema kwamba mwanamichezo ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na kwamba anayo haki ya kwenda popote anapothaminiwa. Wapo pia wanaosema kwamba jezi ya taifa si bidhaa ya sokoni, na kwamba anayeivaa kwa ajili ya fedha anawanyang'anya nafasi vijana wa nchi hiyo. Kisa cha León kinastahili kuchambuliwa kwa sababu hakikai vizuri katika hoja yoyote kati ya hizo mbili. Tena kina funzo kwa nchi inayopokea na kwa nchi inayopoteza.

Tuanze na nchi iliyopoteza. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, Serikali ya Fidel Castro iliifanya michezo kuwa sehemu ya sera ya taifa. Michezo ya kulipwa ilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikajengwa shule maalumu za michezo, na watoto wenye vipaji wakatafutwa na kulelewa kwa gharama za Serikali. Matunda yake yaliifanya Cuba, nchi ndogo na isiyo tajiri, kuwa miongoni mwa vigogo wa Olimpiki. Katika mpira wa wavu, wanawake wa Cuba walitwaa dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo, mwaka 1992, 1996 na 2000. Wanaume wao walipata shaba mwaka 1976, katika michezo ile ile ya Montreal ambayo Poland ilitwaa dhahabu.

León ni zao halisi la mfumo huo. Mama yake alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, na mtoto alikua akiuona mpira kabla ya kuujua. Mwaka 2008 aliitwa katika timu ya wakubwa akiwa bado ana umri wa mwanafunzi wa sekondari. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 17, alicheza fainali ya ubingwa wa dunia mjini Roma, ambako Cuba ilifungwa na Brazil seti tatu kwa bila. Wengi waliotazama fainali ile waliamini kwamba timu ile changa ya Cuba ingeitawala dunia kwa miaka kumi ijayo.

Haikutawala. Muda si mrefu baada ya fainali hiyo wachezaji watatu waliokuwa nguzo zake, Robertlandy Simón, Yoandy Leal na Raydel Hierrezuelo, walijitoa katika timu ya taifa ili watafute maisha ya kulipwa nje ya nchi. Cuba ilishindwa kufuzu kwa Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Mwaka uliofuata León naye akaomba kuondoka.

Sababu zake si za kutafuta kwa tochi. Mchezaji wa Cuba wa wakati huo aliishi kwa posho ya Serikali, ilhali wenzake aliokuwa akiwafunga katika mashindano ya kimataifa walilipwa mishahara minono na klabu za Italia, Urusi na Brazil. Kanuni za nchi yake hazikumruhusu kusaini mkataba nje kwa hiari yake. Aliyejitoa alihesabiwa kuwa ameasi, na alilazimika kukaa kando kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuchezea klabu ya kigeni. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwaka huo huo wa 2013, mwezi Septemba, Serikali ya Cuba ilitangaza kwamba wanamichezo wake wataruhusiwa kusaini mikataba ya kulipwa nje ya nchi. Mlango ulifunguliwa wakati waliotaka kupita walikwisha kuruka ukuta.

Hapa ndipo hoja ya kwamba wachezaji wa namna hii ni wasaliti inapoanza kuyumba. Ni kweli kwamba Cuba ilimlea León, ikamfundisha na kumpa jina. Deni hilo lipo na si haki kulikana. Lakini nchi iliyomlea ndiyo pia iliyompa chaguo moja tu kati ya mawili: kubaki na kupoteza umri wa kazi ambao mchezaji huupata mara moja tu, au kuondoka na kuipoteza jezi. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba akitoka nje ya ua asirudi tena, hana budi kujiuliza baadaye ni nani hasa aliyeuvunja udugu.

Na León hakukimbilia Poland kwa sababu ya fedha za Wapoland. Klabu iliyomchukua na kumlipa ilikuwa Zenit Kazan ya Urusi, na alianza kuichezea mwaka 2014. Uhusiano wake na Poland ulitokana na mwanamke wa Kipoland ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Alipewa uraia wa nchi hiyo Julai 2015, wakati akiendelea kucheza Urusi.

Akiwa Kazan, León alifanya jambo ambalo wachezaji wachache wamelifanya katika historia ya mchezo huu. Alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara nne mfululizo, mwaka 2015, 2016, 2017 na 2018, chini ya kocha Vladimir Alekno. Katika fainali ya mwaka 2015 iliyochezwa Berlin, klabu iliyofungwa ilikuwa Resovia ya mji wa Rzeszów, nchini Poland. Kwa hiyo miezi michache kabla ya kupewa uraia, Wapoland walimfahamu kwanza kama mtu aliyewanyima kombe.

Mchezo wake wenyewe hauhitaji maelezo mengi. Ni mshambuliaji wa pembeni, ana urefu wa zaidi ya mita mbili, na huruka kiasi kwamba mabega yake huonekana karibu na usawa wa juu ya wavu. Anapoanzisha mpira, mpira huo huweza kusafiri kwa kasi ya zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na anayeupokea hana muda wa kufikiri. Katika mchezo ambao timu hujengwa kuanzia namna mpira wa kwanza unavyopokewa, mtu anayeweza kuuvuruga upokeaji huo peke yake ni silaha kubwa kuliko inavyoonekana katika hesabu ya pointi.

Pamoja na sifa zote hizo, kwa miaka mingi hakuwa na taifa la kulichezea. Kanuni za wakati huo za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu (FIVB) zilitaka mchezaji aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja apitie utaratibu mrefu, pamoja na muda wa kungoja, kabla ya kuiwakilisha nyingine. Makali ya kanuni hizo yalionekana wazi katika Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016. Poland na Cuba zilipangwa kundi moja. Cuba, ikiwa imebaki na kivuli cha timu yake ya mwaka 2010, ilishindwa mechi zake zote, ikiwamo ile ya Poland iliyoisha kwa seti tatu kwa bila. León alikuwa na miaka 23, bingwa wa Ulaya mara mbili kwa ngazi ya klabu, na hakuwamo katika timu yoyote kati ya hizo mbili. Hakuna picha inayoeleza vizuri zaidi gharama aliyoilipa.

Sasa tuitazame nchi iliyopokea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika michezo methali hii imegeuzwa kuwa sera. Yapo mataifa ambayo hayana utamaduni wa mchezo fulani, hayana shule wala ligi ya maana, lakini yana fedha. Mataifa hayo huamini kwamba akija mgeni mmoja hodari, ugonjwa wote utapona. Je, Poland ilikuwa mgonjwa wa aina hiyo?

Hapana. Poland ni mojawapo ya nyumba kongwe za mpira wa wavu duniani. Ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1974 na dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976, chini ya kocha Hubert Wagner, mtu ambaye ukali wake katika mazoezi ulimpatia jina la utani la mnyongaji. Mwaka 2014 ilipoandaa fainali za ubingwa wa dunia, mechi ya ufunguzi dhidi ya Serbia ilichezwa katika Uwanja wa Taifa mjini Warsaw mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000, idadi ambayo nchi nyingi haziipati hata katika soka. Poland ikatwaa ubingwa huo kwa kuifunga Brazil mjini Katowice. Mwaka 2018 ikautetea mjini Turin, tena mbele ya Brazil, na Bartosz Kurek akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mataji yote hayo manne yalipatikana bila León.

Nyuma ya mataji hayo kuna kazi ya muda mrefu. Ipo shule ya michezo ya Spała, inayowalea vijana wenye vipaji. Mwaka 2017 vijana wa Poland walikuwa mabingwa wa dunia wa umri wa chini ya miaka 21, na kutoka kizazi hicho wamo wachezaji kama Jakub Kochanowski na Tomasz Fornal waliovaa medali ya Paris. Ipo pia ligi yenye nguvu, ambayo klabu yake ya ZAKSA ya Kędzierzyn-Koźle ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara tatu mfululizo, mwaka 2021, 2022 na 2023. Hata wapenzi wa mchezo huu nchini Kenya wanayo kumbukumbu ya karibu ya uzito wa mpira wa wavu wa Poland. Katika Olimpiki hiyo hiyo ya Paris, Malkia Strikers walipangwa kundi moja na wanawake wa nchi hiyo na wakafungwa seti tatu kwa bila.

Hata hivyo nyumba hiyo imara ilikuwa na ufa mmoja. Katika Olimpiki tano mfululizo, kuanzia Athens mwaka 2004 hadi Tokyo, wanaume wa Poland walitolewa katika robo fainali. Waliwatoa Brazil, kisha Italia, kisha Urusi, kisha Marekani, kisha Ufaransa. Ufa huo ndio ambao wengi walitumaini kwamba mgeni kutoka Cuba angeuziba.

Matumaini hayo hayakukosa wapinzani. Palikuwa na Wapoland waliouliza ni kwa nini bingwa wa dunia aazime mchezaji, na ni kijana gani wa Kipoland atakayekaa benchi ili kumpisha. Wakati huo pia mjadala wa wageni ulikuwa umepamba moto katika siasa za nchi hiyo. Mwaka 2015 León alipopewa uraia, Ulaya nzima ilikuwa katika msukosuko wa wakimbizi, na Oktoba mwaka huo chama cha Sheria na Haki kilishinda uchaguzi wa Poland huku kikipinga mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugawana wakimbizi hao. Kwa mtu mweusi aliyezaliwa Karibi kuvaa jezi yenye tai mweupe kifuani katika mazingira hayo lilikuwa jambo lililobeba maana kubwa kuliko mchezo.

Wasomaji wanaofuatilia soka watakumbuka kwamba Poland ilikwisha kupita njia hiyo. Mwaka 2000 ilimpa uraia Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria, ambaye mabao yake yaliisaidia kufuzu kwa Kombe la Dunia la mwaka 2002 baada ya kukosa fainali hizo kwa miaka 16. Olisadebe alishangiliwa alipofunga, lakini alipambana pia na ubaguzi viwanjani. Somo la kisa chake ni kwamba watu huweza kuyapenda mabao ya mtu bila kumpokea mwenyewe.

León aliruhusiwa rasmi kuichezea Poland Julai 2019, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 26. Mwezi uliofuata alikuwamo katika kikosi cha kocha Vital Heynen kilichofuzu kwa Olimpiki ya Tokyo katika mashindano yaliyofanyika Gdańsk. Mwaka huo Poland ikapata shaba ya Ulaya na fedha ya Kombe la Dunia. Kwa nchi nyingine hayo yangekuwa mafanikio makubwa. Kwa mabingwa wa dunia waliokuwa wameongezewa mmoja wa washambuliaji bora duniani, yalipokewa kwa kunung'unika.

Manung'uniko yaliongezeka Tokyo. Katika michezo hiyo iliyosogezwa hadi mwaka 2021 kwa sababu ya maradhi ya korona, Poland ilitolewa na Ufaransa kwa seti tatu kwa mbili, katika robo fainali ile ile ya laana. Mwezi uliofuata ikaandaa sehemu ya ubingwa wa Ulaya na ikaambulia shaba tena. Mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji hakupona. Mwaka 2022, chini ya kocha mpya Nikola Grbić, León alikosa ubingwa wa dunia kwa sababu ya upasuaji wa goti, na bila yeye Poland ilifika fainali na kufungwa na Italia mjini Katowice. Wenye ulimi mkali walipata la kusema: alipokuwapo hatukushinda, na asipokuwapo twafika fainali.

Ni hapa ambapo mchambuzi hana budi kusema bila kumung'unya maneno kwamba imani ya mtu mmoja kuiponya timu ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Mpira wa wavu una wachezaji sita uwanjani, na hakuna anayeruhusiwa kuushika mpira na kukimbia nao. Mpigaji hodari hutegemea mpangaji anayemwinulia, na mpangaji humtegemea aliyepokea mpira wa kwanza. Mgeni anayeingia katika mnyororo huo huhitaji muda, na wenyeji nao huhitaji muda wa kujifunza kumtumia bila kumwachia kila kitu.

Muda ulipotimia, matunda yalionekana. Septemba 2023 Poland ilitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Italia seti tatu kwa bila mjini Roma, na León akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Ulikuwa mji ule ule ambao miaka 13 kabla alilikosa taji la dunia akiwa na jezi ya Cuba. Mwaka uliofuata, Paris, Poland iliifunga Slovenia na hatimaye kuivunja laana ya robo fainali. Katika nusu fainali ilikuwa nyuma kwa seti mbili kwa moja mbele ya Marekani, ikasawazisha kwa kushinda seti ya nne 25-23 na kumaliza ya tano 15-13. Fainali iliwashinda, lakini ufa wa miaka 20 ulikuwa umezibwa. Tena inafaa kukumbuka kwamba nyota wa Ufaransa iliyowafunga, Earvin Ngapeth, ni mtoto wa mchezaji mzaliwa wa Cameroon. Anayedhani kwamba uhamiaji ni jambo la pembezoni katika michezo ya Ulaya hajaitazama fainali ile.

Ipo methali nyingine kuhusu mgeni, ambayo kwa maoni yetu inaeleza kisa hiki vizuri kuliko ile ya kwanza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba ugeni una mwisho, na mtu huwa wa nyumbani siku anapoanza kulima shamba moja na wenyeji. Jembe la León halikuwa katika timu ya taifa pekee. Baada ya kuichezea Perugia ya Italia kwa misimu sita, kuanzia 2018 hadi 2024, ambako alitwaa Klabu Bingwa ya Dunia mara mbili na ubingwa wa Italia katika msimu wake wa mwisho, alifanya uamuzi ambao wengi hawakuutarajia. Hakwenda kwa matajiri wa kawaida wa ligi ya Poland. Alijiunga na LUK ya Lublin, klabu ya mashariki mwa nchi iliyopanda daraja la juu mwaka 2021 tu, na ambayo imebeba jina la Bogdanka, kampuni ya mgodi wa makaa ya mawe wa eneo hilo.

Katika msimu wake wa kwanza, 2024/25, Lublin ilitwaa Kombe la Challenge la Ulaya na kisha ubingwa wa Poland kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka huo huo wa 2025 aliisaidia timu ya taifa kutwaa Ligi ya Mataifa nchini China, na Septemba akapata shaba ya ubingwa wa dunia nchini Ufilipino. Hadi mwisho wa mwaka 2025 dhahabu ya dunia na dhahabu ya Olimpiki zilikuwa hazimo katika kabati lake. Mwenye kutaka kumpima kwa dhahabu hizo mbili peke yake atasema hakutimiza ahadi. Lakini mtoto wa Lublin anayekwenda uwanjani kumtazama bingwa akicheza katika mji wake mwenyewe ana kipimo chake.

Swali hili halipo mbali nasi. Mwaka 2003 Mkenya Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akabadili jina kuwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi Agosti mwaka huo huo akatwaa dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, jijini Paris. Kenya ilikataa kumwondolea muda wa kungoja, naye akaikosa Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004. Kabla yake alikuwapo Wilson Kipketer, aliyekwenda Denmark kusoma mwaka 1990 na kubaki huko. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995 kwa jezi ya Denmark, lakini aliikosa Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 kwa kuwa hakuwa bado raia kamili.

Wawili hao mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja, ilhali visa vyao havifanani. Kipketer aliishi Denmark kwa miaka mingi kabla ya kuwa Mdenmark. Uhamisho wa Cherono ulikuwa wa haraka, na ulizusha maswali ambayo Shirikisho la Riadha la Kimataifa lilichelewa sana kuyajibu. Mwaka 2017 shirikisho hilo lilisimamisha kabisa uhamisho wa aina hiyo, na mwaka 2018 likauruhusu tena kwa masharti makali zaidi, likiwamo la kungoja miaka mitatu. León kwa kipimo hiki yuko karibu zaidi na Kipketer. Kwanza aliunda uhusiano na mwanamke wa Kipoland, kisha akapata uraia, kisha akangoja, na mwisho ndipo akacheza. Mpangilio huo ndio unaotofautisha kuhamia nchi na kuuzwa kwa nchi.

Kwa hiyo muda wa kungoja, ambao mashabiki huulaumu kama ukatili, una kazi yake. Unamchuja mwenye haja ya kweli. Taifa linalotaka medali ya kesho asubuhi halina subira ya kungoja miaka minne, na mchezaji anayetaka fedha za haraka hana sababu ya kuingoja jezi isiyolipa. Tatizo la kanuni hizo ni kwamba mara nyingine zinaipa nguvu nchi iliyomfungia mtu mlango, iendelee kumwadhibu hata baada ya kuondoka. Busara inataka muda huo uwe mfupi unaotosha kuthibitisha nia, usiwe kifungo.

Kwa nchi zinazopoteza, ambazo kwetu Afrika Mashariki ndizo tunazozijua zaidi, kisa cha Cuba ni onyo kali kuliko hotuba yoyote. Cuba ilikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kumwezesha mchezaji wake kupata riziki nje na kubaki wa kwao. Osmany Juantorena akaenda Italia na kupata nayo fedha ya Olimpiki mwaka 2016, Leal akaenda Brazil, León akaenda Poland. Baadaye Cuba ililegeza kamba, na mwaka 2019 Robertlandy Simón, yule yule aliyeondoka baada ya fainali ya Roma, akarejea kuichezea. Angeweza kurejea kwa sababu hakuwa amechukua jezi nyingine, na kwa sababu safari hii kulikuwa na mlango. Kwa León mlango ulifunguliwa wakati alikwisha kupata nyumba.

Vyama vyetu vya michezo vina mazoea ya kumkumbuka mchezaji siku anapoonekana amevaa jezi ya wengine, na kulia kwamba ameibwa. Wizi huo, kama ni wizi, huanza miaka mingi kabla: posho inapocheleweshwa, kijana anapoumia na kutibiwa kwa fedha zake, barua ya ruhusa inapofungiwa katika kabati la ofisi. Nchi inayotaka kubaki na watoto wake haina budi kuwalipa wanapocheza, kuwaacha waende wanapoitwa, na kuwapokea wanaporudi. Ikishindwa kufanya hivyo, isishangae siku moja ikiwaona wakilima, kwa bidii na kwa furaha, shamba la jirani.